Aliyewauliza Akina Mama: Susan Geiger na Historia ya Wanawake wa TANU

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu na nyinyi wanafunzi wa historia, habari za asubuhi.

Mada niliyopewa ni maisha ya Susan Geiger na alichotuachia. Maisha nitayapita haraka. Nitakaa zaidi kwenye kazi, kwa sababu wengi mliomo humu karibuni mtaingia mitaani kuwahoji bibi zenu, na huyu mama aliifanya kazi hiyo kabla yenu, akakutana na mengi yatakayowakuta.

Geiger alikuwa Mmarekani. Shahada ya uzamivu aliipatia hapa nchini, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 1970, akiandika kwa jina la Susan Geiger Rogers. Tasnifu yake ilihusu siasa za Wachaga kuanzia 1916, Waingereza walipowaondoa Wajerumani Kilimanjaro, hadi 1952, Thomas Marealle alipoanza kazi ya Umangi Mkuu, yaani uchifu mkuu wa Wachaga. Hiyo ni habari ya kahawa, vyama vya wakulima, wamangi na maafisa wa wilaya, na katika mambo hayo wasemaji wakuu walikuwa wanaume. Baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Minnesota, upande wa masomo ya wanawake, akawa miongoni mwa walioandika kwa makini juu ya masimulizi ya maisha kama njia ya kufanyia historia. Mwaka 1984 alikuwa Dar es Salaam akiwahoji wanawake waliokuwa wanachama wa mwanzo wa TANU. Kazi hiyo ikampeleka hadi Moshi na Mwanza, na kitabu chake juu ya wanawake wa TANU kati ya 1955 na 1965 kikatoka 1997. Alifariki 2001. Mwaka uliofuata ukatoka mkusanyo wa makala juu ya wanawake wa Afrika chini ya ukoloni, aliouhariri pamoja na Jean Allman na Mganda Nakanyike Musisi.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe.

Historia ya uhuru wa Tanganyika tuliyofundishwa ina ngazi zake. Kwanza African Association, 1929. Halafu vijana waliosoma Tabora na Makerere wanaishika, wanaibadili kuwa TANU tarehe 7 Julai 1954, na kutoka makao makuu fikra ya taifa inashuka mpaka kwa wananchi. Katika ngazi hizo wanawake wana sentensi moja tu: akina mama nao walijitokeza kwa wingi. Wanatajwa baada ya wazee na kabla ya vijana, kisha ukurasa unafunuliwa.

Swali la Geiger lilianzia hapo hapo. Walijitokeza kutoka wapi? Nani aliwaita, kwa njia gani, na kwa nini waliitika upesi hivyo, wakati wanaume wengi wenye kazi za serikali walikuwa bado wanaogopa hata kuonekana mkutanoni? Mtumishi wa serikali alikatazwa kujiunga na TANU. Muuza vitumbua hakuwa na mwajiri wa kumtisha.

Mtu anayelitafuta jibu kwenye majalada peke yake atachoka. Afisa wa kikoloni aliandika alichotakiwa kukiangalia: nani kahutubia, kasema nini, watu wamefika wangapi. Ngoma za wanawake alizijua kwa habari ya vibali na kelele za usiku. Mambo ya wanawake yalikuwa chini ya ustawi wa jamii, yaani madarasa ya kushona, kupika na kulea watoto, pamoja na vilabu ambavyo wake wa maafisa walivisimamia. Mwanafunzi anayekwenda Nyaraka za Taifa na kuomba majalada yenye neno wanawake ataletewa cherehani na maziwa ya watoto. Siasa ya wanawake hao hao imelala kwenye jalada jingine, kwa jina jingine, au haikuandikwa kabisa. Karatasi za chama nazo ziliandikwa na makatibu waliokuwa karibu wote wanaume, na katibu huandika maazimio. Haandiki nani alizunguka nyumba kwa nyumba usiku uliotangulia.

Kwa hiyo ilibidi kuuliza. Na aliyekuwa na mengi ya kusema kuliko wote alikuwa Bibi Titi Mohamed.

Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Kabla ya siasa mji ulimjua kwa sauti: alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Aliingia TANU mwaka wake wa kwanza pamoja na mumewe, Boi Selemani, wakishawishiwa na Schneider Plantan. Kadi ya mume namba 15, ya mke namba 16. Katikati ya 1955 akaja mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akataka kujua kama TANU ina sehemu ya wanawake. Viongozi wakasema ipo. Haikuwapo. Ikabidi itafutwe, na Bibi Titi ndiye aliyesimamishwa mbele ya mgeni.

Wengi tukilisimulia tukio hilo hucheka na kuishia hapo, kana kwamba mambo yote yalitokana na swali la Mwingereza. Geiger hakuishia hapo. Alitaka kujua Titi alifanya nini kesho yake. Alichofanya, akisaidiwa na wenzake kama Tatu binti Mzee, ni kuwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma. Kufikia Oktoba 1955 walikuwa wameandikisha wanawake wapatao 5,000. Miezi michache tu, mji mmoja, bila gari la chama, bila gazeti, na wengi wa walioandikishwa hawakuwa na shule ya maana.

Hapo ndipo penye utamu wa kazi yake, naomba tusiharakishe. Kikundi cha ngoma cha Dar es Salaam kilikuwa na kiongozi wake, mtunza fedha wake, michango, sare, na watani wa kushindana nao. Wanachama walitoka Kariakoo, Ilala na mitaa mingine, hawakuwa wa nyumba moja wala wa ukoo mmoja. Mwenzao akifiwa walikwenda pamoja na chochote mkononi. Akioza mwana, vivyo hivyo. Kiongozi akiitisha watu, walijua wakutane wapi na nani apitie nyumba ya nani. Ukimpata kiongozi mmoja hujapata mtu mmoja, umepata kikundi kizima pamoja na desturi yake ya kuitana, kuchanga na kuaminiana. Chama cha siasa hutumia miaka kujenga kitu cha namna hiyo, na TANU ilikikuta kimeshasimama.

Tena wanawake wengi hawa walikuwa watu wazima, Waislamu, na si wachache waliokuwa wameachika au wamefiwa na waume. Walikuwa na vijisenti vyao: maandazi, vitumbua, pombe ya kienyeji, chumba cha kupangisha. Fedha isiyopitia mkononi mwa mume haiombewi ruhusa. Geiger alikusanya habari za waliokata kadi bila waume kujua, waliowapa malazi wageni wa chama, waliochangisha, waliouza kadi nyumba kwa nyumba kwa kisingizio cha kwenda kutazama mgonjwa. Hapo utaona nguo ya kawaida inavyokuwa chombo cha siasa: kadi inafungwa kwenye pindo la kanga, mahali pale pale panapofungwa hela, na hakuna askari wa kumpekua mama mtu mzima pindoni.

Kutokana na hayo akajenga hoja yake kubwa. Katika Bomba na vikundi vya aina yake walicheza pamoja Wazaramo, Wamanyema, Wanyamwezi, Wayao na wengineo. Lugha yao ilikuwa moja, Kiswahili, na kikundi hakikuuliza kabila. Basi Geiger akasema hawa hawakusubiri kufundishwa utaifa na waliosoma. Maisha ya kuvuka kabila walikuwa nayo, na TANU ilipokuja ikasema maneno yaliyofanana na maisha yao. Fikra ya taifa, kwa maelezo yake, ilipanda kutoka uwanja wa ngoma kama ilivyoshuka kutoka ofisini. Wapo wanaoona amelivuta jambo hili kupita kiasi. Mimi naona katika Dar es Salaam amelithibitisha. Mikoani ndiko kunakohitaji kazi zaidi, nitarudi huko.

Aliyesoma historia ya Mombasa hatashangaa sana. Margaret Strobel, katika kitabu chake cha 1979 juu ya wanawake Waislamu wa mji ule, alikwisha kuonyesha jinsi vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake, vilivyokuwa na madaraja, mashindano na nguvu yake. Tofauti ni kwamba huku Tanganyika nguvu ile iliingia moja kwa moja kwenye chama kilichochukua nchi.

Sasa namna ya kuuliza. Hapa nazungumza na wanaokwenda kuhoji.

Ukikaa mbele ya mama wa miaka tisini, ukawasha kinasa sauti, ukamuuliza “Mlishirikije katika harakati za ukombozi?”, utapata hotuba ya tawi. Atakuambia tulikuwa bega kwa bega na Mwalimu, tulidai uhuru bila kumwaga damu. Si mwongo. Swali lako limevaa nguo za sherehe, naye anajibu hivyo hivyo. Faida ya masimulizi ya maisha ni kuanza mbali: alizaliwa wapi, nani alimlea, unyago, ndoa ya kwanza, iliishaje, alikuja mjini na nani, alipata wapi mtaji wa biashara. Katika mazungumzo hayo ngoma itajitokeza yenyewe. Ikijitokeza, usiiruke kukimbilia siasa. Uliza jina la kikundi, nani alikuwa kiongozi, sare rangi gani, walikutana siku gani, mchango kiasi gani, walishindana na nani. Ukifika 1955 utakuwa na watu, mitaa na majina, na hapo swali la kadi litajibiwa kwa mambo yaliyotendeka.

Mazungumzo ya peke yake yatangulie, ya kundi yafuate. Kundi lina faida kubwa: wimbo alioukumbuka mmoja nusu, mwenzake ataumalizia, na ubishi juu ya nani alikuwapo siku fulani utakupa majina ambayo usingejua kuyauliza. Lakini kundini hakuna atakayesema mumewe alimfukuza kwa sababu ya mikutano, wala kwamba fedha za mchango ziliwahi kugombaniwa. Ukianza na kundi, simulizi la anayesema sana litakuwa la wote, na hata ukirudi kwa mmoja mmoja watakuambia lile lile. Mume, mwana au mwenyekiti wa mtaa akikaa sebuleni, geuza mazungumzo kuwa ya salamu na mashamba, omba uje siku nyingine. Saa moja ya maneno yaliyochujwa haifai hata betri zake.

Tarehe usiziulize kama tarehe. Mwenye kumbukumbu nzuri kabisa anaweza kuchanganya 1955 na 1958, na ukimbana atakupa mwaka wowote ili akuridhishe. Mpe matukio ya kushikia: mgomo wa kuli wa 1947, kutawazwa kwa Malkia Elizabeth 1953, ziara ya Princess Margaret 1956, kura tatu za 1958 na 1959, uchaguzi ambao kila mpiga kura alichagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Uliza, lilikuwa kabla au baada? Ulikuwa na mtoto gani mgongoni? Umri wa watoto ni kalenda nzuri sana. Hizo kura tatu zina swali lake la ziada: masharti ya kupiga kura yalikuwa elimu, cheo fulani, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka. Wengi wa wanawake waliojaza mikutano ya TANU hawakuwa na hata kimoja. Muulize mama alifanya nini siku ile ambapo chama alichokijenga kilipigiwa kura naye hana haki ya kupiga.

Wengine watakwambia, mimi sijui kitu mwanangu, kamuulize fulani. Usiaminishwe haraka. Acha siasa, omba akuonyeshe picha za zamani au kadi kama bado anayo. Mtu aliyesema hajui kitu huweza kukaa na picha moja nusu saa, akitaja waliosimama mmoja baada ya mmoja. Andika majina yote anayoitwa mtu: jina lake, binti nani, mama nani, na la ngoma. Tatu binti Mzee mahali pengine ni Tatu Mzee. Ukiwa mzembe utawafanya wawili.

Kuna ukimya wa aina nyingine, na huu unataka akili zaidi. Bibi Titi alipoteza kiti chake cha ubunge kwenye uchaguzi wa 1965. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha na masharti yake ya uongozi, ambayo pamoja na mengine yalikataza nyumba za kupangisha, aliachia nafasi zake. Mwaka 1969 akakamatwa, 1970 akashtakiwa kwa uhaini, baadaye akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa 1972. Geiger alipomhoji 1984 chama kilikuwa kimoja na mwanamke huyu hakuwamo katika simulizi rasmi. Fikiria mwanachama wa zamani wa kawaida anaulizwa mwaka ule, nani aliwaandikisha? Akinyamaza, hajasahau. Akitaja jina la mtu mwingine, huenda analinda nyumba yake. Mtafiti mzuri huandika pembeni mahojiano yamefanyika mwaka gani na siasa ya mwaka huo ilikuwaje, kwa sababu kumbukumbu ya 1955 iliyosimuliwa 1984 ina miaka miwili ndani yake. Leo, Bibi Titi akiwa na barabara kubwa mjini yenye jina lake, hatari imegeuka: kila mtu atakuambia alikuwa rafiki yake. Nalo hilo ni la kupimwa.

Kuhusu vyombo, machache. Feni na jenereta huua sauti kuliko umbali; zima feni, au sogea barazani kukiwa kimya. Simu iweke bila mtandao ili isikatize, ijaribu kwa dakika moja na uisikilize kabla ya kuanza. Mwanzoni mwa sauti jitaje, mtaje mhojiwa kama amekubali, sema mahali na tarehe. Nakala mbili usiku huo huo, kwenye vifaa viwili vinavyokaa mahali tofauti. Saa moja ya sauti itakula saa tano au sita kuiandika, na zaidi kama ni kundi. Usikusanye saa hamsini ukidhani utaziandika likizo. Andika Kiswahili kama kilivyosemwa, usikinyooshe. Ridhaa iombwe mara mbili, kabla ya kuanza na baada ya mhojiwa kusomewa aliyoyasema, maana watu hutaka kuondoa jina la shemeji, nao wana haki hiyo.

Nilisema nitarudi mikoani. Moshi na Mwanza zilimpa Geiger picha tofauti na ya Dar es Salaam. Kilimanjaro kulikuwa na makanisa, mashamba ya kahawa yaliyo mikononi mwa wanaume, na siasa ya Wachaga wenyewe iliyokwisha kushika nafasi. Halima Selengia Kinabo, mmoja wa aliowahoji, alikuwa mwanamke wa Moshi mjini zaidi kuliko wa mlimani. Kanda ya Ziwa TANU ilizuiwa kwa miaka, kuanzia mwishoni mwa 1954 hadi 1958, kwa hiyo huko kadi ilikuwa jambo la hatari kwa namna ambayo Kariakoo haikuijua, na wanawake kama Agnes Sahani waliingia siasa katika mazingira hayo. Sura hizi ni fupi kuliko za Dar es Salaam, na kwa maoni yangu ndizo zinazoomba mwendelezo. Hoja ya ngoma kama mtandao wa chama inaweza kupimwa Tanga, Lindi, Kilwa, Tabora, Ujiji, miji yote yenye ngoma na Kiswahili cha zamani. Inaweza pia kushindwa huko, na kushindwa kwake kutatufundisha.

Kuna pengo jingine. Geiger aliwahoji waliojiunga. Waliokataa hawamo: mama aliyeona siasa ni uhuni, aliyekuwa upande wa vyama vilivyoshindana na TANU, yaani UTP, ANC ya Zuberi Mtemvu au AMNUT, aliyeingia akatoka baada ya mwaka. Wala hatujapata picha kamili ya kilichotokea vikundi vya ngoma vilipobaki vyenyewe baada ya UWT kuanzishwa 1962, jumuiya moja ya wanawake ya kitaifa yenye ofisi, katiba na mstari wa amri kutoka juu. Kikundi kilichozoea kuchagua kiongozi wake kwa sauti na ukarimu kilipokea vipi katibu aliyeteuliwa? Mtu akitaka mada ya shahada, hiyo iko wazi.

Waliokuwa na miaka ishirini mwaka 1955 sasa wamevuka tisini. Walio hai ni wachache, kwa hiyo wengi wenu mtawahoji mabinti na wajukuu, na mtoto aliyekuwa akitumwa kupeleka ujumbe ana ushahidi wake, alimradi asisimulie ya mama yake kama aliyoyaona yeye. Mtenganishieni: hili uliliona, hili uliambiwa, na nani, lini. Muombe masanduku. Kadi za chama, risiti za michango, picha za sare, daftari la kikundi lenye majina na senti. Piga picha kila kipande pande zote mbili pamoja na rula ili ukubwa uonekane, kisha kirudishe kwa mwenyewe siku hiyo hiyo. Orodha ya mlivyopiga picha, pamoja na sauti na maandishi yake, ipelekeni nakala moja Nyaraka za Taifa na nyingine maktaba ya chuo, na nakala ya tatu mwachieni mama mwenyewe au mwanawe, kwenye kifaa anachoweza kukifungua.